Chipu Iliyogeuka

Kitone kilikuwa upande mwingine. Lydiah alikuwa ameiweka ile chipu juu ya ubao wa saketi, kitone chake kikielekea alama iliyochapwa hapo, akaenda jikoni kuepua chai. Aliporudi ilikuwa imegeuka, na nyumba nzima ilinuka nywele zilizoungua.

"Umeigusa, Obura?"

"Mimi? Hata kupumua naogopa."

Obura, jirani wa chini, ndiye aliyepandisha mashine yake ya kulehemu kwa hewa moto hadi orofa ya nne, hapa mtaani Tena, mara tu aliposikia kwamba kifaa cha masikio cha Kui, binti yake Lydiah, kimekufa. Bila kifaa hicho Kui hakusikia chochote. Alisoma midomo tu. Chipu mpya ilikuwa hiyo moja, ndogo kama punje ya dengu, isiyo na miguu ya kuunganishia. Ingeshikwa na risasi ya kulehemia iliyofichika chini ya tumbo lake.

Kui alivuta sketi ya mamake. "Mama, shangazi anasema uache."

"Shangazi gani?"

"Wa humu." Akajigusa sikio. "Anataka twende kwake."

Obura alinong'ona, "Mama Kui, hilo ni jini. Tumwite pasta."

"Mwite. Lakini kwanza nishikie tochi."

Akapuliza hewa moto, risasi ikayeyuka ikang'aa, akaisukuma chipu kidogo kwa kibano ili ijirudie mahali pake kama irudivyo kila chipu iliyokaa vizuri, lakini hii ikakataa, ikazunguka polepole kana kwamba imeshikwa na vidole upande wa pili, na ile harufu ikazidi, na ukuta ukakwaruzwa kutoka ndani, na Kui akaanza kuuendea mlango akiwa amefumba macho.

Obura akamkumbatia kwa mkono mmoja. Tochi haikutetemeka.

"Huyu ni wangu," Lydiah alisema. "Na sikuombi." Akairudisha chipu kwa nguvu, kitone kwa alama.

Stima ikapotea. Mashine ikanyamaza.

Hapo ndipo jini alipokosea. Bila moto risasi huganda, na Lydiah hakuwa ameachilia kibano. Chipu ilivutwa, ikavutwa tena, kisha ikatulia. Imeshika.

Akatia betri, akamvika Kui kifaa chake.

Mlango ukabishwa, taratibu.

"Ni yeye," Kui alisema. "Anasema nikivue kifaa."

"Na wewe unasemaje?"

Mtoto akaugeukia mlango, akapaza sauti: "Siwezi! Naongea na mama!"