Skrubu ya Upande wa Ndani

Kila asubuhi, kabla ya chai, Kamanda alikaa ukingoni mwa kitanda na kumnyooshea dada yake mguu wa kulia. Kamanda hakuwa askari. Alikuwa mtoto wa miaka saba aliyezaliwa na goti dhaifu, na chuma alichovaa mguuni kilipiga kelele kwa! kwa! kwa! kila alipotembea, ungedhani kikosi kizima kinapita uani. Baba yake ndiye aliyempa jina hilo, na majirani wote wakalipokea.

Chuma chenyewe kilikuwa na vipande viwili virefu, kimoja upande wa nje wa mguu na kingine upande wa ndani, vilivyofungwa kwa mikanda ya ngozi kuanzia pajani hadi kwenye kiatu. Penye goti palikuwa na bawaba kila upande ili mguu uweze kukunjika, na kila bawaba ilishikwa na skrubu moja fupi na nene. Daktari wa mifupa alikuwa ameahidi kwamba goti likiendelea kunyooka vile, Kamanda angekivua mwisho wa mwaka, moja kwa moja.

Dada yake aliitwa Chiriku, nalo lilikuwa jina la utani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na zamani mdomo wake haukujua kupumzika. Tangu Baba alipofariki maneno yalimwishia, lakini jina lilibaki.

Baba alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi. Ndiye aliyepiga magoti sakafuni kila siku, akafunga mikanda, akakaza skrubu kwa bisibisi yake yenye mpini wa mbao, kisha akauliza, "Kamanda, kikosi tayari?" Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kugusa. Halafu homa ya mapafu ilimlaza, na ikamchukua upesi kuliko mtu yeyote alivyodhani.

Asubuhi ya kwanza ya kurudi shuleni baada ya msiba, Mama alisimama katikati ya chumba na ile bisibisi, akiigeuzageuza mkononi.

"Mimi sijawahi kulifunga hili dude," alisema, machozi yakimlengalenga. "Kila siku alilifunga mwenyewe. Itabidi twende hospitali wakatufundishe."

"Mimi najua," Chiriku alisema. "Baba alinionyesha."

Baba hakuwa amemwonyesha. Chiriku alimwomba mara nyingi, na kila mara Baba alijibu, "Kesho, mama, leo tumechelewa." Kesho hiyo haikufika. Lakini Chiriku hakutaka kazi ya Baba apewe mtu wa hospitali asiyemjua. Aliitaka iwe yake, ili abaki na kitu cha Baba mikononi. Moyo wake ulikuwa unauma, na mtu anaweza kumwelewa. Hata hivyo uongo ni uongo, hata ukivaa nguo za msiba.

Alipiga magoti kama Baba. Skrubu ya nje aliizungusha kulia, ikakaza. Ya ndani aliizungusha kulia vilevile, maana nani asiyejua kwamba skrubu hukazwa kwa kulia na kulegezwa kwa kushoto? Mwanzoni ilikataa. Akaegemeza uzito wake wote, nayo ikakubali kuzunguka kidogo. Kesho yake ikazunguka tena kidogo, na keshokutwa tena. Chiriku alishangaa kwamba haifiki mwisho, akajiambia imechakaa, dawa yake ni kuikaza zaidi. Siku moja Kamanda alimtazama, akafumbua mdomo, akaufumba.

"Nini?" Chiriku aliuliza.

"Hakuna."

Haikupita wiki. Wakiwa njiani kwenda shule, kelele za chuma zilibadilika ghafla, na Kamanda akasimama akishikilia ukuta. Tundu la bawaba ya ndani lilikuwa tupu. Walirudi nyuma wakichambua mchanga kwa vidole. Wapita njia waliwauliza wamepoteza nini, na wakiambiwa ni skrubu, walicheka wakaenda zao. Skrubu haikuonekana.

Chiriku alimbeba mdogo wake mgongoni hadi nyumbani. Mama alikuwa kazini. Kwenye kopo la Baba la misumari na vikorokoro alipata skrubu iliyokaribiana na ile, lakini ilipogoma kuingia, aliikamata kwa koleo na kuizungusha kwa nguvu mpaka chembe za chuma zikamwagika sakafuni. Ilishika. Kufika jioni bawaba ilikuwa inacheza kama jino la mtoto, na Mama akaiona.

"Skrubu ilianguka tu, Mama," Chiriku alisema. "Ilikuwa imechakaa."

Uongo wa kwanza ulikuwa umezaa wa pili. Ndivyo ulivyo, haupendi kukaa peke yake.

Hospitali waliwaambia chuma cha aina ile kililetwa kwa msaada na skrubu zake hawana. "Tafuteni fundi wa kukereza vyuma," daktari alisema. "Ila msikawie. Goti hili likikaa bila kushikwa, litarudi lilikotoka." Walianza na duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji aliwamwagia kaunta nzima skrubu za kila aina, akajaribu hii na ile. Nyingine zilipwaya, nyingine hazikuingia kabisa. Mwishowe akasema, "Mama, hii unayotafuta haiuzwi, hutengenezwa," akawaelekeza kwa fundi mkerezaji nyuma ya soko.

Fundi alikuwa mwanamume mnene aliyezisemesha mashine zake kama mtu anayebembeleza punda mkaidi. Alikiinua chuma cha mguu hadi kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia tundu.

"Humu mmelazimisha kitu," alisema. "Hesi zote zimeraruka." Alipoona hawaelewi, akawaonyesha kwa ukucha ile mistari inayouzunguka mwili wa skrubu. "Hii ndiyo hesi. Na ndani ya tundu huwa kuna mistari inayolingana nayo. Bila hiyo, skrubu haina pa kushika. Nani hufunga hiki chuma?"

"Huyu binti yangu," Mama alisema, akamwekea Chiriku mkono begani. "Marehemu baba yake alimfundisha." Alisema kwa fahari, na tangu msiba Mama hakuwa amesema neno lolote kwa fahari. Chiriku akatazama ndala zake.

"Haya, binti. Ile ya zamani ilikuwaje?"

"Ya kawaida," Chiriku alisema. "Ilianguka tu."

Fundi akaamini alichoambiwa. Alilipanua tundu kidogo, akalichonga hesi mpya, akakereza skrubu nene kidogo kuliko ile ya zamani. Ilipoingia, bawaba ilitulia kabisa. Kamanda aliizunguka karakana nzima kwa! kwa! kwa! huku Fundi akimpigia saluti kwa bisibisi. Siku ile Mama alicheka. Chiriku alijaribu kucheka naye, akashindwa.

Skrubu mpya ilidumu siku chache. Haikusubiri kulegezwa na mkono wa mtu, kwa maana ilijifungua yenyewe hatua kwa hatua. Ilichomoka Kamanda akiwa anashuka ngazi za shule na wenzake. Alianguka kifudifudi. Mwalimu aliyembeba hadi zahanati alirudi na damu kwenye shati, na Kamanda akarudi na nyuzi kidevuni na goti lililovimba hata lisiguswe. Hakulia alipomwona dada yake. Alimpa tu ile skrubu aliyokuwa ameiokota, akasema, "Hii sikuipoteza."

Chiriku aliipokea, akatoka nje, akalia mpaka koo likakauka.

Safari hii Fundi hakupiga saluti. Alimtazama Kamanda kidevuni, akakaa kwenye kigoda chake.

"Mimi ndiye niliyeitengeneza," alisema polepole. "Nimekereza vyuma tangu ujana wangu, sijawahi kumwangusha mtoto wa mtu." Akakipima kile chuma kwa kidole gumba. "Sikilizeni. Chuma hiki ni chembamba. Naweza kulipanua tundu mara moja tu zaidi. Nikikosea tena, kitapasuka, na hakutakuwa na cha kutengeneza." Akamgeukia Chiriku. "Binti, mgonjwa akimficha daktari, daktari atatibu ugonjwa mwingine. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mgonjwa wangu ni hiki chuma, nacho hakina mdomo. Mdomo wake ni wewe. Ilikuwaje?"

Mashine moja ilikuwa bado inanguruma. Chiriku alimtazama Mama, akatazama zile nyuzi kidevuni mwa mdogo wake.

"Baba hakunionyesha," alisema.

Fundi alinyoosha mkono akaizima mashine.

"Hakunionyesha hata siku moja. Nilisema uongo. Nilikuwa naizungusha kulia ili ikaze, na kila nikiizungusha inazidi kutoka. Nikadhani imelika. Ilipoanguka nikaweka nyingine kwa koleo, kwa nguvu. Mimi ndiye niliyelirarua tundu. Nilitaka nifanye kama Baba."

"Subiri," Fundi alisema. "Ukizungusha kulia, inatoka?"

"Ndiyo. Inatoka."

Fundi alivua miwani yake, akaivaa tena. "Kumbe ilikuwa ya kinyume!" Akaivuta baiskeli iliyoegemea ukutani na kuishika pedali ya kushoto. "Umeona hii? Hukazwa kwa kushoto, si kwa kulia. Ingekuwa ya kawaida, ingejifungua kadiri unavyokanyaga. Na huyu Kamanda kila akikunja goti, bawaba ya ndani huivuta skrubu ya kawaida upande wa kuifungua. Aliyeunda chuma hiki alilijua hilo, akaweka skrubu ya kinyume upande wa ndani. Nami ningelijua mapema, kama hesi za zamani zingekuwa zimebaki, au kama mtu angeniambia."

Mama alikuwa ameketi juu ya sanduku la vyuma chakavu na upande wa khanga machoni. Hakumkaripia Chiriku. Ingekuwa nafuu kama angemkaripia.

Kazi ilimchukua Fundi mchana kutwa. Alilipanua tundu kwa mkono, si kwa mashine, akisimama kila mara kulipuliza na kulitazama, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Alikereza kipande cha chuma cha pua, akakichonga hesi zinazopanda kwa upande wa kushoto, akakata mfereji kichwani kwa msumeno mdogo. Kisha akampa Chiriku bisibisi.

"Kaza wewe."

Mkono wa Chiriku ulianza kwenda kulia kwa mazoea. Fundi akamshika kifundo cha mkono, akausubiri utulie. Chiriku akazungusha kushoto. Skrubu ikaingia taratibu, ikafika mwisho, ikashika. Aliijaribu tena, nayo haikusogea.

Walipita hospitali wakirudi. Daktari alilikunja goti na kulikunjua, akalipima.

"Limerudi nyuma," alisema. "Chuma hakitavuliwa mwaka huu. Tutaona mwakani, labda mwishoni."

Kamanda aliuliza kama mwakani ni mbali.

Nyumbani Chiriku alimfungua mdogo wake mikanda, mmoja baada ya mwingine, akakiweka kile chuma kando. "Nisamehe," alimwambia. "Mwaka wako nimeupoteza mimi."

Kamanda alivuta shuka hadi kidevuni, akalishusha kwa sababu lilimwuma. "Mimi nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Baba alikuwa anazungusha huku." Akaonyesha kushoto kwa kidole. "Wewe ulikuwa unazungusha huku. Nilikuwa naisikia inalegea."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unapiga magoti kama Baba. Na ulikuwa hulii. Wakati mwingine wote ulikuwa unalia."

Mama, aliyekuwa mlangoni, aliingia akaketi kati yao kitandani, akawavuta wote wawili.

"Hata mimi nina langu," alisema. "Siku ile Chiriku aliposema anajua, moyo uliniambia nimuulize: alikuonyesha lini, alikuonyeshaje? Sikuuliza. Nilitaka sana iwe kweli. Mmoja kasema uongo kwa upendo, mmoja kanyamaza kwa upendo, mmoja hakuuliza kwa upendo. Na mguu wa huyu mtoto ndio uliolipa. Wanangu, kusema 'sijui' hakumvunjii Baba heshima. Kuuliza si ujinga. Tungeuliza siku ya kwanza, tungeaibika kidogo na mambo yangekwisha. Kuanzia leo, katika nyumba hii, jambo likiuma husemwa. Hata kama litamliza mtu. Machozi hukauka."

Walilia pamoja, na safari hii hakuna aliyejificha.

Asubuhi iliyofuata Chiriku alipiga magoti, akakaza ya nje kwa kulia na ya ndani kwa kushoto, huku Mama akiwa amechuchumaa pembeni akitazama ili naye ajue. Kisha akamwuliza Kamanda, "Kuna kinachouma?"

Kamanda alifikiri. "Mkanda wa juu," alisema. "Unanibana sana."

"Tangu lini?"

"Tangu Baba afe. Yeye alikuwa anaacha tundu moja."

Chiriku akaulegeza tundu moja. Kamanda akavuta pumzi ndefu, akasimama.