Marete na Binti

Siku ya soko Nkubu, kijana mrefu aliyevaa jaketi la denim alimpa Karwirwa, fundi viatu, kiatu kilichoachama. Karwirwa alikigeuza, akaona matone ya rangi ya kijani. Ndiyo kijani iliyomwagwa ukutani nyuma yake, ikafunika maneno ya marehemu baba yake: MARETE NA BINTI, VIATU.

"Kumbe ni wewe!"

"Mimi nini, madam?"

"Ulichafua ukuta wangu! Baba aliandika nikiwa darasa la pili. Sina mwandiko wake mwingine."

Tabasamu la kijana huyo, Thuranira, mchoraji wa magari ya matatu, likazima. "Nilidhani ni ukuta tu."

Watu walitaka aitiwe polisi. Muthamia, mzee wa mtaa na mjomba wa Karwirwa, akakataa. "Akifungwa, ukuta utajisafisha? Arudishe alichoharibu, wewe ukimwangalia."

Basi kila jioni Thuranira alifuta ile kijani, polepole, kwa kitambaa na thina ya kuyeyusha rangi. Karwirwa alimtazama mikono kifuani. Wiki iliyofuata akamletea uji.

"Kunywa, mharibifu."

"Asante, askari wangu."

Kisha simu zikaanza. "Umefika nyumbani?" Karwirwa aliuliza.

"Nimefika, mrembo. Lakini nanuka thina."

"Mimi nanuka gundi. Tunafaana."

Jumamosi moja Karwirwa alirudi kutoka kwa shangazi yake huko Mitunguu, akakuta ukuta mweupe pe. Herufi zote za baba hakuna! Akampigia Thuranira simu.

"Umemzika baba yangu mara ya pili!"

"Karwirwa, ngoja nikuele—"

Akakata. Hakushika simu tena.

Jumatatu Thuranira alikuja na karatasi ndefu zilizotobolewa kwa sindano.

"Plasta ilikuwa inabomoka. Nilinakili kila herufi kwenye karatasi hizi kabla ya kupiga mpya. Nilitaka kukushangaza."

"Ungeniuliza."

"Kweli. Ningekuuliza. Nisamehe."

Alibandika karatasi ukutani, akazigonga kwa kifuko cha vumbi la makaa, vumbi likapenya kwenye matundu. Alipozibandua, herufi zilibaki kwa vitone, hata ile R iliyoinama kama mtu aliyechoka. Karwirwa akaigusa, macho yakajaa.

Jioni, rangi aliyopaka Thuranira juu ya vitone ilipokauka, Karwirwa aliona maneno madogo chini ya herufi za baba: NA MKWE.

"Na hii?"

"Ni chaki, mpenzi. Safari hii nauliza kwanza. Ukikataa, futa."

Karwirwa akaokota kitambaa kibichi. Thuranira akashusha macho. Kitambaa kikapita shavuni mwake, kikafuta makaa.

"Mvua ya Nkubu haiachi chaki," akasema Karwirwa. "Kesho lete rangi. Lakini upitie kwa mjomba, umuulize naye."