Zumu Haina Miguu

Siku ya soko mjini Kisii, ndizi ndizo zenye barabara; watu na magari huomba njia. Asubuhi hiyo rundo la ndizi mbichi lilikuwa limeziba mlango wa duka la Janat la vifaa vya umeme, na wateja waliingia kwa kuruka, kama wanafunzi wanaotoroka bweni.

Aliyeruka kwa heshima kuliko wote alikuwa Machogu, mpiga picha wa harusi kutoka Masimba, kijana mrefu aliyevaa koti la kijivu lililopigwa pasi mpaka viwiko vikang'aa. Biashara ilikuwa imedorora. Siku hizi kila shangazi huja harusini na simu yake, na baada ya maombi wote husimama mbele ya mpiga picha. Machogu alitafuta kitu ambacho simu ya shangazi haikiwezi.

Janat alitoa kamera ndogo nyeusi kabatini, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake wa zambarau.

"Hii inaingia mfukoni, lakini ina macho ya mwewe. Zumu mara thelathini. Tena inazuia mtetemo, hata ukipiga picha ukiwa na njaa. Washa."

Lenzi ikatoka taratibu, kama shingo ya kobe asiyewaamini majirani.

"Sasa sikiliza, kijana. Kwenye skrini kuna alama. Kabla ya alama, lenzi yenyewe ndiyo inayovuta, na picha inatoka safi. Ukiipita, kamera haivuti tena. Inakata kipande cha picha na kukipanua, halafu palipobaki wazi inabuni."

"Inabuni?"

"Kama watu wa mtaa huu. Jaribu hapo ng'ambo."

Machogu akaelekeza kamera ng'ambo ya barabara. Akavuta. Ndani ya skrini akatokea msichana aliyevaa gauni la manjano na gambuti nyeupe, mkono mmoja kiunoni, akimcheka muuza ndizi aliyekuwa akiapa kwa jina la mamake kwamba bei haishuki. Alikuwa na mwanya. Machogu akabonyeza kitufe kabla hajaombwa na mtu.

Msichana akageuka, akatazama moja kwa moja kwenye lenzi, kisha akavuka barabara. Hata ndizi zilimpisha.

"Wewe wa koti. Umenipiga picha?"

"Nilikuwa najaribu zumu."

"Zumu ikaamua kujaribu mimi?"

"Nililenga ndizi."

"Haya, onyesha hizo ndizi."

Akaonyesha. Hapakuwa na ndizi hata moja. Palikuwa na kicheko tu, na mwanya, na jua shingoni. Msichana aliitazama kwa muda. Katika kitambulisho chake na katika picha zote za shule alionekana kama mtu aliyekamatwa na kuku wa wenyewe. Hakujua kwamba akicheka huwa hivi.

"Nitaifuta," Machogu akasema.

"Ukifuta tutakosana. Nitumie. Naitwa Drusilla."

Janat alianza kuandika risiti bila kumuuliza Machogu kama ananunua.

Drusilla alikuwa mpima maziwa katika kituo cha ushirika cha Nyansiongo. Kila asubuhi, siku saba kwa juma, kwa kuwa ng'ombe hana sabato wala Jumapili, alisimama kwenye ua wa kituo akiwa na koti jeupe na kuwanasa wakulima waliochanganya maziwa na mto. Jioni Machogu alimpigia simu.

"Leo umenasa nani, mpenzi?"

"Mzee mmoja. Maziwa yake ungeweza kufugia samaki."

"Na mimi ukinipima?"

"Wewe una maji mengi. Maneno matamu, lakini mwenyewe sikuoni."

"Si tulikunywa chai Kisii juzi?"

"Ulikaa upande ule wa meza ukanipiga picha mpaka mandazi yakapoa. Mama anauliza huyu mtu wa kamera ana uso ama ana lenzi tu. Jumapili njoo nyumbani, Machogu. Baba pia anataka kukuona."

Machogu alikubali kwa sauti ya mtu aliyeitwa ofisini na mwalimu mkuu.

Jumapili hiyo alifika Nyansiongo mapema mno, na koti, sukari na mkate mkubwa. Badala ya kwenda kituoni amsubiri Drusilla amalize kazi, alipanda kilima chenye majani chai kinachotazamana na kituo. Alitaka kutazama kwanza. Akatoa kamera, akavuta hadi mwisho wa lenzi, halafu akaipita ile alama ya Janat.

Drusilla alikuwa pale, katika koti jeupe. Kando yake, bega kwa bega, alisimama mwanamume mwenye kifua kipana kama mlango. Mkono wa Drusilla ulikuwa umeinuliwa karibu na shavu la yule mtu. Wote wawili walikuwa wanacheka.

Machogu akapiga picha moja, akashuka kilima kwa upande wa pili, akarudi Masimba. Mkate ule aliula peke yake, bila chai, jambo ambalo kwa Mkisii ni maombolezo kamili.

Nyumbani kwa kina Drusilla kuku aliiva, akakaa, akapoa. Baba yake, Mzee Manasseh, alikuwa amevaa tai. Alikaa nayo sebuleni mpaka ng'ombe wakakamuliwa tena, kisha akaivua, akaikunja vizuri, akaenda kulala na jua likiwa bado nje.

Drusilla akapiga simu.

"Uko wapi? Kuku amepoa."

"Mpe yule wa kifua."

"Wa kifua gani?"

"Nina picha, Drusilla." Akaituma.

Drusilla akaitazama. Yule mtu alikuwa Ondieki, dereva wa lori la maziwa, mume wa watu na baba wa mapacha. Akaitazama tena, akaangua kicheko. Kisha kicheko kikakatika na machozi yakaja, kwa maana alielewa kwamba Machogu alikuwa pale juu, amevaa koti lake, na hakushuka hata kuuliza.

"Hii picha umeiangalia yote?"

"Nimeangalia mabega."

"Kesho asubuhi simama pale pale uliposimama. Beba hiyo kamera yako. Usipokuja, namba yangu uisahau."

Machogu alirudi kilimani umande ukimlowesha suruali. Alitazama chini kwa macho yake matupu. Drusilla alikuwa ndani ya ua wa kituo, ameinua juu kichupa cha maziwa akikikagua kwenye mwanga. Ondieki alikuwa ameegemea lori lake upande wa pili wa barabara, akimpigia kelele za utani. Kati yao palikuwa na ua, mtaro na barabara nzima.

Akainua kamera, akavuta. Barabara ikatoweka. Mabega yakagusana.

Akaishusha. Barabara ikarudi. Akarudia mara kadhaa, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Zumu ilikuwa imemleta Drusilla mbele na kumleta Ondieki mbele zaidi, mpaka ikawabandika pamoja kama stempu mbili.

Simu ikalia.

"Unaniona?" Drusilla akauliza.

"Nakuona."

"Niko mbali?"

"Uko hapa kabisa. Naona hata kifungo kilichokatika."

"Basi nyoosha mkono unishike."

Upepo ulipita kwenye majani chai.

"Sasa fungua ile picha ya jana. Iangalie yote."

Akaifungua. Jana alikuwa ameikuza akayachungulia mabega mpaka yakawa miraba midogo ya rangi. Sasa aliipunguza mpaka ikaonekana nzima. Nyuma ya kiuno cha Drusilla, na mbele ya miguu ya Ondieki, alipita ng'ombe. Ng'ombe mzima, mwenye mabaka, asiye na haraka. Watu waliogusana mabega hawamwachii ng'ombe nafasi.

"Drusilla. Kuna ng'ombe."

"Asante kwa kumwona. Yeye alipita hapa katikati bila shida. Wewe ulishindwa nini kushuka?"

Machogu akashuka. Drusilla alimngoja nje ya ua, mikono kifuani, bila kutabasamu.

"Baba alivaa tai," akasema. "Mara ya mwisho aliivaa kumzika kaka yake."

Machogu alitazama gambuti nyeupe za Drusilla. "Niliogopa. Nikiwa nyuma ya lenzi naona watu wote, na hakuna anayeniona mimi."

"Mimi nilikuona. Siku ile ya soko, kutoka ng'ambo ya barabara. Na sikuwa na zumu."

Ondieki, ambaye hakuelewa lolote, alipiga honi kwa kuwa ilionekana kufaa.

"Nisamehe," Machogu akasema. "Nitaenda kumwomba mzee msamaha leo hii, nikiwa na suruali hii hii ya umande. Halafu, akikubali, nitatuma esigani."

Esigani ni yule mjumbe ambaye Wakisii humtuma kwenda kuuchunguza ukoo wa mchumba. Drusilla alimtazama kwa muda, na mwanya ukaanza kuonekana.

"Tuma. Lakini awe mtu mwenye miguu. Aingie, akae, ale, aulize. Baba hatatazamwa tena kutoka kilimani."

"Na mimi leo nitakula nini?"

"Mboga za chinsaga. Kuku alikuwa wa jana."

Machogu akainua kamera ili aupate ule mwanya. Lenzi ikatoka, ikarudi, ikatoka, na kisanduku kwenye skrini kikawa chekundu. Alikuwa amesahau kuipunguza zumu.

"Imekataa nini?" Drusilla akauliza.

"Inasema tuko karibu mno."

"Basi izime."

Akaizima. Lenzi ikajirudisha ndani, naye akaitia mfukoni. Wakasimama ukingoni mwa barabara, mkono kwa mkono, wakawapisha ng'ombe kwanza, kisha wakavuka.