Kiti cha Maige

Teodora aliishi Nansio, mji wa kisiwani ziwani, na mama yake, Bibi Odeta, na watoto wake wawili. Mhoja alikuwa na miaka minane, na alikuwa akijifunza kusoma. Maige, mdogo wake, alikuwa bado ananyonya, na kwa kupenda kubebwa hakuwa na mfano. Baba yao, Malimi, alifanya kazi ya pamba Mwanza mjini. Kwa hiyo nyumbani aliyetoa amri ni Bibi Odeta, na hakuna aliyebisha.

Asubuhi moja, mwezi wa Machi 1964, Mhoja alikuwa akivunja kuni. Kijiti kiliruka kikamchoma jicho la kulia. Dresa wa zahanati alilifunika kwa bandeji.

"Mama Mhoja," alisema, "jicho hili linataka daktari wa Mwanza leo hii. Mkichelewa, litapotea."

Meli ilikuwa imeshaondoka. Lakini siku hiyo mnunuzi mmoja wa pamba alikuwa amekuja na ndege yake ndogo, akiirusha mwenyewe. Aliposikia habari ya mtoto, alisema, "Waje haraka." Ndege ilikuwa na viti vinne: chake yeye na vitatu vya abiria.

Bibi Odeta alifika kiwanjani na doti mpya ya kanga, kikapu cha mapapai na kuku wawili. Kwao mgonjwa hapelekwi bila bibi. Antoni, msimamizi wa kiwanja, alikuwa ameweka mzani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo napimwa kama pamba?"

"Ndege ndogo ikizidiwa uzito haipai vizuri, mama. Lazima tujue uzito wa kila mtu na kila mzigo." Kisha akamwonyesha Maige mgongoni kwa Teodora. "Na huyu?"

"Huyu mchanga tu," alisema Teodora. "Nitampakata, tujifunge mkanda mmoja."

"Ana umri gani?"

Teodora alisita. Bibi Odeta, ambaye hakuchoka kujisifia siku aliyozaliwa mjukuu wake, akadakia:

"Huyu? Amezaliwa siku ya Uhuru yenyewe! Bendera inapanda, yeye analia. Nansio nzima inajua!"

Antoni akahesabu kwa vidole. "Basi ana miaka miwili na miezi mitatu. Aliyetimiza miwili anakaa kiti chake, na mkanda wake, hata kama ananyonya."

Teodora alimtolea mama yake macho. Bibi akaziba mdomo, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Kwani nikijifunga naye kuna ubaya gani?" Teodora aliuliza. "Si ndiyo nimemshika vizuri?"

Antoni alimketisha Teodora juu ya sanduku. Alichukua papai lililoiva kikapuni mwa Bibi, akampakatisha, akawafunga pamoja kwa kanga.

"Sasa inama mbele ghafla."

Teodora akainama. Papai likapasuka, maji yakamchuruzika miguuni.

"Huo ndio uzito wako, dada. Ndege ikistuka, mtoto ndiye papai. Hata mtoto wa chini ya miaka miwili, anayeruhusiwa kupakatwa, mkanda unamfunga mama peke yake. Mtoto unamshika kwa mikono."

Teodora alimtazama Maige.

"Viti ni vitatu, sisi wanne," alisema taratibu.

"Mimi nitakaa juu ya mizigo," alisema Bibi.

"Hapana, mama," alisema Antoni. "Huko hakuna mkanda. Hatuongezi abiria hata mmoja."

Bibi Odeta alimtazama Mhoja, aliyekuwa ametulia na bandeji yake. Alitaka sana kumshika mkono mjukuu wake mbele ya daktari.

"Kiti changu mpeni Maige," alisema. "Mimi nitabaki na kuku."

Antoni alimfunga Maige mkanda wake, chini kidogo ya tumbo, ukambana vizuri. Ndege ikapaa. Juu ya ziwa upepo uliipiga, ikashuka ghafla. Mikono ya Teodora iliruka juu, hata angekuwa amemshika mtoto angemwachia. Akageuka kwa hofu. Maige alikuwa palepale kitini, anacheka. Teodora alimshukuru Mungu kwa sauti, kisha akamshukuru Antoni, ingawa hakuwapo kumsikia.

Walifika mapema. Daktari alisema wamemwahi.

Baada ya wiki tatu walirudi kwa meli. Bibi Odeta alisimama gatini na doti yake mpya. Meli ilikuwa bado haijafungwa kamba. Mhoja, bila bandeji, aliziba jicho la kushoto kwa kiganja akatazama kwa la kulia.

"Bibi!" alipiga kelele. "Kanga yako umeivaa kichwa chini! Maandishi yamepinduka!"

Bibi Odeta hakupenda kusahihishwa mbele ya watu. Siku hiyo alilia kwa furaha, akasema, "Asante, Mungu wangu. Nisahihishe tena, mwanangu."

Kesho yake alimpelekea Antoni papai kubwa lililoiva.

"Asante, baba, kwa wajukuu wangu wote wawili," alisema. "Lakini hili ulile. Usimfungie mtu."