Chumba Ambacho Hakuna Aliyekichora

Kompyuta ilisema plota haipo. Plota ikaanza kuchapa.

Mama Kidoti, mchoraji wa ramani za nyumba, aliitazama skrini, akaitazama ile mashine ndefu ya kuchapia ramani kule ukutani, akairudia skrini. Maandishi mekundu yalikuwa palepale: plota haipatikani kwenye mtandao. Na karatasi ilikuwa inatoka taratibu, ikinuka udongo mbichi badala ya wino.

"Si unaona? Imekubali!" akasema fundi wa mtandao, mtu wa maneno mengi. "Mashine zote zinanipenda. Mke wangu tu ndiye ananigomea."

Kosa lao, hebu niliseme mapema, lilikuwa lile la kila ofisi: mashine ikigoma, unatuma tena. Asubuhi nzima walikuwa wakituma ramani ileile. Wakachomoa waya wakachomeka, wakabadilisha anwani ya mashine kwenye mtandao, wakazima wakawasha, wakatuma tena. Hakuna aliyejiuliza kazi zote hizo zinakwenda wapi, na anazipokea nani. Hata wewe usingejiuliza, usinidanganye.

Mama Kidoti alikuwa na kosa lake mwenyewe pia, dogo, la mapenzi. Kwenye ramani inayoonyesha nyumba kama imekatwa ubavuni, wachoraji huweka umbo la mtu ili mteja akadirie kimo cha dari. Wenzake huchukua maumbo yaliyo tayari. Yeye alichukua picha ya binti yake wa miaka sita, akaifuatisha mstari kwa mstari, na ule msuko mmoja mkaidi usiokubali kulala. Kila nyumba aliyoichora, Kidoti alisimama barazani.

Kwenye karatasi hii Kidoti alikuwa sebuleni.

"Umemhamisha?" akauliza fundi.

"Sijamgusa."

Karatasi ya pili ikatoka kabla hawajaichana ya kwanza. Kidoti yuko kwenye korido, amewapa kisogo. Na chini ya ngazi, mahali ambapo mama yake alichora udongo mtupu, palikuwa na chumba. Hakina dirisha wala mlango.

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake Mama Kidoti, anayeshinda na mtoto nyumbani.

"Dada, njoo. Kidoti alikuwa anacheza, ghafla ameanguka, anasema hasikii miguu yake." Akanong'ona. "Na anasema kuna giza. Dada, ni saa sita mchana, jua linawaka!"

Mama Kidoti akapiga kelele. "Izime! Izime hiyo mashine!"

Fundi akachomoa waya wa mtandao, akachomoa na wa umeme, taa za plota zikazimika moja moja, lakini kile kichwa cha kuchapia kiliendelea kwenda na kurudi gizani mwa kifuniko, krrr, krrr, kama kucha zinazokuna mbao, na ile harufu ya udongo ikapanda mpaka wakaionja ulimini, na kila mara fundi alipofungua kwenye kompyuta foleni ya kazi za kuchapa ili azifute, aliikuta tupu, tupu kabisa, huku karatasi ya tatu ikijisukuma nje na kuwaonyesha Kidoti akiwa ndani ya kile chumba, na nyuma yake, kwenye kona, kitu kirefu kilichopinda shingo kwa sababu dari haikukitosha.

Fundi hakuwa na utani tena. Alishuka ngazi mbio akamleta mganga wa ghorofa ya chini, mzee ambaye yeye fundi alizoea kumcheka kila asubuhi. Mganga alifika mlangoni, akanusa, akakataa kuingia.

"Mmemwita mara ngapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Nani amemwita?" akasema fundi. "Tulikuwa tunachapa ramani!"

"Kila mlichotuma kikakosa wa kukipokea, amekipokea yeye. Mmemletea nyumba, na mtoto ndani yake. Alidhani zawadi."

"Mfukuze, baba. Nakupigia magoti, mfukuze!" Na kweli Mama Kidoti alipiga magoti, kwenye vigae.

"Nimfukuze wapi, mwanangu? Hapo yuko kwake. Mtoto hatoki kwa sababu hapana mlango. Na mchoraji ni wewe."

"Nikiuchora, atatoka?"

Mganga aliangalia chini. "Atatoka. Ila huyo hakubali kubaki peke yake."

Mama Kidoti hakuuliza la pili. Alikaa kwenye kompyuta, akachora mlango pale chini ya ngazi, akamweka Kidoti nje barazani, kisha akafungua picha yake mwenyewe na kuanza kuifuatisha. Fundi alipoelewa akamshika bega.

"Dada, usifanye wazimu. Tutafute njia nyingine, tafadhali."

"Wewe una mtoto?"

Fundi akamwachia. Mama Kidoti akajiweka ndani ya kile chumba, akaufuta mlango, akatuma. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, skrini ikasema plota iko tayari.

Karatasi ilitoka safi, kila umbo mahali alipoliweka. Simu ikalia, na mdogo wake alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Amesimama! Dada, anakimbia huku, anakutaka! Haya, ongea na mama."

"Mama?"

Mama Kidoti akafumbua kinywa. Fundi aliona midomo yake ikicheza, aliona machozi na tabasamu, aliona mishipa ya shingo ikimsimama kwa nguvu alizotumia, lakini pale alipoketi hapakutoka sauti. Sauti ilitokea upande wa pili wa ofisi, ndogo, ya mbali, chini ya kifuniko cha mashine isiyo na umeme: nipo, mwanangu, mama nipo hapa.

Kisha wakamsikia mtoto kwenye simu akimwambia mama yake mdogo.

"Mama mdogo, humu hamna mtu."