Adija Asimamia Ujenzi wa Tangi

Adija aliishi Nambunda, kitongoji kilicho juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Kitangari. Mume wake, Uwesu, alikuwa fundi wa nyumba. Binti yao aliitwa Faidha, kwa hiyo watu waliwaita Mama Faidha na Baba Faidha. Walikuwa na mikorosho, shamba la mihogo na mbaazi, na kuku wengi wasiosikia la mtu.

Ardhi ya Nambunda ni nzuri, lakini maji hayako juu. Chemchemi iko bondeni. Kila alfajiri wanawake waliteremka na ndoo zao, wakasubiri zamu, kisha wakapanda mlima na maji kichwani. Kuteremka walipiga soga. Kupanda hakuna aliyesema neno.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa korosho walianza kupanda uwandani na magari yao. Serikali nayo iliwahimiza wananchi wajitegemee, wasisubiri kila kitu kutoka juu. Neno moja likawa midomoni mwa watu: mradi. Mradi wa kuku. Mradi wa kushona. Mradi wa mashine ya kusaga. Miradi mingi ilianza kwa ngoma na kuisha kimyakimya.

Mwaka huo shule ya Nambunda ilipata paa la bati. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Bonifasi, akaitisha mkutano.

"Mvua inanyesha juu ya bati hili, maji yanapotea," alisema. "Tujenge tangi la kuyakinga. Shirika moja la misaada litatupa saruji. Sisi tutatoa mchanga, kokoto na nguvu zetu. Nani atasimamia?"

Jirani mmoja, Cecilia, alisimama. "Mama Faidha," alisema. "Hana upendeleo. Tena akisema kesho, ni kesho kweli."

Watu walipiga makofi. Adija aliinamisha uso, lakini moyoni alifurahi.

Alianza kazi kwa bidii. Alibeba mchanga kichwani mwake mwenyewe. Alichota maji ya wachimbaji. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiita watu. Uwesu alijitolea kujenga, na hakuna aliyeuliza swali. Si alikuwa amejenga nusu ya nyumba za Nambunda?

Hata hivyo, mambo hayakwenda. Adija aliwaambia watu waje kuchimba Jumanne, kumbe Mzee Bonifasi alikuwa ametangaza Jumatatu. Waliokuja Jumatatu hawakukuta mtu, wakakasirika. Saruji ililetwa kabla ya mchanga kutosha. Ikawekwa darasani, juu ya sakafu ya udongo. Ukungu wa uwandani uliingia kila asubuhi, na unyevu ukapanda kutoka chini. Walipofungua mifuko, mingine ilikuwa imeganda kama jiwe.

"Mradi umeshakufa," baadhi ya watu walianza kusema. Adija aliyasikia maneno hayo kwenye chemchemi. Alijitwisha ndoo yake, akapanda mlima.

Siku chache baadaye alifika Helena, afisa maendeleo ya jamii. Watu walimwita Bibi Maendeleo. Alikuja kwa pikipiki, kilemba kimejaa vumbi jekundu. Alimkuta Adija amebeba karai la kokoto, na Uwesu anajenga ukuta wa kwanza wa matofali.

"Shikamoo, Bibi Maendeleo," Adija alisema.

"Marahaba, Mama Faidha. Poleni na kazi. Msimamizi wa mradi yuko wapi?"

"Ni mimi."

Helena alitazama lile karai. "Na wewe ukibeba kokoto, nani anasimamia?"

Adija alicheka kidogo. Helena alimsaidia kulitua karai. Wakakaa kwenye kivuli cha ukuta wa darasa.

"Sikulaumu," Helena alisema. "Wewe ni mchapakazi. Lakini kusimamia mradi ni kazi yenye ujuzi wake, kama ufundi au ukunga. Msimamizi lazima aione kazi yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Ajue kipi kinatangulia na kipi kinafuata. Ajue nani anaweza nini. Sasa nikuulize. Maji ya kuchanganyia saruji yatatoka wapi?"

"Bondeni."

"Na ya kumwagilia tangi likishajengwa? Saruji ikikauka upesi hupasuka. Lazima inyweshwe kila siku kwa muda mrefu. Nani atayabeba?"

Adija alifikiria wanawake wenzake wakipanda ule mlima. "Hilo sikuliwaza," alisema.

"Basi ndiyo maana tunapanga kabla ya kujenga. Ukipanga, tatizo unakutana nalo ungali mbali nalo."

Helena akaenda kutazama ukuta. Aliuliza, "Baba Faidha, umeshawahi kujenga tangi la maji?"

"Nimejenga nyumba nyingi," Uwesu alijibu. "Ukuta ni ukuta."

"Udongo wa chini mliushindilia?"

Uwesu alianza kusafisha mwiko wake, ingawa ulikuwa safi.

Kabla ya kuondoka, Helena alimvuta Adija kando. "Tangi lina viwango vyake," alisema. "Viwango maana yake ni vile kazi inavyotakiwa iwe ili isidhuru watu na idumu. Ukuta huu hautahimili maji. Ukianguka watoto wakiwa karibu, itakuwaje? Kule Chiungutwa yuko fundi anaitwa Sadallah. Amefunzwa kujenga matangi. Msimamizi ni wewe, uamuzi ni wako."

Adija alirudi nyumbani na moyo mzito. Atamwambiaje mume wake? Fundi akiondolewa kazini na mke wake, watu watasema nini?

Alipika ugali na kisamvu cha karanga. Alisubiri hadi Uwesu alipomaliza kula na kunawa.

"Baba Faidha," alianza, "nyumba hii umeijenga wewe. Haijawahi kuvuja."

Uwesu alimtazama. "Sema unalotaka kusema."

"Nataka tumwite fundi wa matangi. Yeye aongoze, wewe ujenge naye."

"Kwa hiyo mimi sijui kazi?"

"Kazi ya nyumba unaijua kuliko wote. Ya tangi hujafundishwa. Mimi nilikubali usimamizi bila kufundishwa, na saruji imeganda mikononi mwangu. Sitaki na wewe likukute."

Uwesu aliondoka akaenda kukaa nje. Adija aliosha vyombo taratibu, masikio yakiwa nje. Baadaye Uwesu alirudi mlangoni.

"Huyo fundi," alisema, "matangi yake yanaonekana? Mimi nitaamini nikiyaona kwa macho."

Walipanda gari la kwenda Masasi, wakashuka Chiungutwa. Sadallah alikuwa mtu mfupi, mcheshi, mwenye mikono mipana. Aliwapeleka kwenye tangi alilolijenga karibu na zahanati. Lilikuwa la mviringo, limesimama imara, halina hata ufa.

Uwesu alilizunguka. Aliligonga kwa kiganja. Aliinama akachungulia chini. Mwishowe akauliza, "Kwa nini la mviringo?"

"Nyumba inabeba paa," Sadallah alisema. "Uzito unakuja kutoka juu. Tangi linabeba maji, na maji yanasukuma kuta ziende nje. Ukuta ulionyooka unasukumwa katikati, unapasuka. Wa mviringo unagawa nguvu pande zote. Tena ndani ya lipu kuna waya. Umezungushwa kama mshipi."

"Na chini?"

"Chini tunashindilia udongo, tunaweka mawe, kisha zege na waya. Chini pakititia, juu hapaponi."

Uwesu alilitazama tangi tena, kutoka chini hadi juu. Kisha akacheka peke yake. "Ule ukuta wangu," alisema, "ungetutia aibu ya mwaka." Tangu hapo maswali yake hayakuisha. Adija na Sadallah walipatana kuhusu kazi ya Nambunda, Uwesu akiwakatiza kila mara kuuliza jambo jingine. Waliporudi garini, ndiye aliyekuwa na haraka ya kuanza.

Wiki iliyofuata Helena alirudi Nambunda. Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo walikutana darasani: Adija, Uwesu, Sadallah, Mzee Bonifasi, Cecilia na wengine. Helena alimpa Adija chaki.

"Andika kazi zote," alisema, "hata zile ndogo."

Adija aliandika ubaoni. Kubomoa ukuta wa zamani. Kuchimba. Kushindilia. Kuleta mawe. Kukusanya maji. Kulaza waya na kumwaga zege. Kujenga ukuta. Kupiga lipu. Kumwagilia. Kufunga bomba la kuchotea na mifereji ya bati. Kupima kama linavuja. Halafu waliuliza kuhusu kila kazi: hii inaweza kuanza lini, inasubiri nini, na nani ana ujuzi nayo? Jina la mtu mmoja liliandikwa mbele ya kila kazi.

"Mbona mmoja? Si tufanye wote?" Mzee Bonifasi aliuliza.

"Tutafanya wote, Mzee," Adija alijibu. "Lakini kazi ya wote bila wa kuulizwa si kazi ya mtu."

Mzee Bonifasi aliitikia kwa kichwa, akitabasamu. Walikubaliana pia kwamba matangazo yote yatatoka kwa mtu mmoja tu, Adija. Na kwa kuwa msimu wa korosho ulikuwa unakaribia, kazi ilipangwa mchana, baada ya watu kuokota korosho asubuhi. Saruji iliyobaki iliwekwa juu ya magogo, mbali na ukuta, ikafunikwa.

Lilibaki suala la maji.

"Sisi wanawake tunabeba ya nyumbani," Cecilia alisema. "Hatuwezi kubeba na ya tangi."

"Wanaume wana baiskeli," Adija alisema. "Wafunge madumu, wateremke bondeni."

Darasa lilicheka. Lakini Uwesu alisimama. "Andika jina langu," alisema.

Siku ya kwanza wanaume waliteremka wakipiga kengele za baiskeli. Kurudi ilikuwa habari nyingine. Kilima kilikuwa kikali, hakuna aliyeweza kuendesha. Walisukuma, wakapumzika, wakasukuma tena. Walipofika juu, Mzee Bonifasi alijitupa chini kwenye nyasi.

"Kumbe huku ndiko mnakopita kila siku?" alimwuliza Cecilia.

"Kila siku, Baba. Na mtoto mgongoni."

Kuanzia siku hiyo hakuna mwanamume aliyechelewa kazini.

Kazi ilikwenda vizuri. Kila jioni Adija alipita, akalinganisha yaliyofanyika na yale ya ubaoni. Waya ulipochelewa kutoka Masasi, hakungoja watu waje bure. Aliwaambia mapema, akawahamishia kwenye mawe. Sadallah aliongoza, Uwesu alijenga kando yake. Udongo uliposhindiliwa, Sadallah aliupima kwa pimamaji, akatikisa kichwa. Sehemu moja ilikuwa chini. Walirudia. Hakuna aliyenung'unika sana, kwa sababu sasa walijua kwa nini.

Tangi lilipopigwa lipu ya mwisho na kumwagiliwa, lilipendeza. Mzee Bonifasi alimjia Adija akiwa amevaa kanzu yake nzuri.

"Mama Faidha, tumealika mgeni wa heshima. Tulizindue Jumamosi."

"Bado halijapimwa, Mzee."

"Si linaonekana zima?"

"Linaonekana. Lakini kazi haijaisha hadi ipimwe. Nipe muda kidogo."

Mzee Bonifasi alikunja uso. Hata hivyo, alikwenda kuahirisha. Wanaume walileta maji kwa madumu, wakayamimina hadi yakapita usawa wa bomba. Asubuhi iliyofuata Sadallah na Uwesu walichungulia. Chini ya bomba palikuwa na unyevu. Maji yalipenya polepole.

"Mimi nitaziba," Uwesu alisema. Alifungua, akasafisha, akaziba upya jinsi alivyofundishwa. Waliposubiri tena, palikuwa pakavu kabisa. Mzee Bonifasi alipapapasa kwa mkono wake mwenyewe, mara mbili. "Ahsante kwa kunizuia," alimwambia Adija. "Ningemwonyesha mgeni tangi linalolia."

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana. Ilianza kwa matone makubwa juu ya bati, kisha ikamwagika. Watu walitoka mbio na ndoo, watoto wakicheza matopeni. Maji yalijaa kwenye mfereji wa bati. Lakini Adija alikuwa amesimama pale, ameuelekeza mfereji pembeni, na maji yanamwagika chini.

"Mama Faidha, unamwaga maji!" watu walipiga kelele.

"Haya yanaosha paa," Adija alisema kwa sauti. "Yana vumbi na kinyesi cha ndege. Tukiyaingiza, tutayanywa."

Kijana mmoja alisogea ili ageuze mfereji. Uwesu akasimama mbele yake, maji yakimtiririka usoni.

"Umemsikia msimamizi," alisema.

Walisubiri. Mvua iliendelea. Adija alikinga maji kwa kiganja, akayatazama. Yalikuwa meupe, safi. Ndipo aliporudisha mfereji kwenye tangi. Sauti ya maji yakianguka ndani ilisikika hadi barabarani. Cecilia alipiga vigelegele, na wanawake wote wakaitikia.

Msimu huo watoto wa Nambunda waliwahi shule, kwa kuwa hawakupelekwa tena bondeni kuchota maji. Cecilia alianza bustani ya mchicha nyuma ya nyumba yake. Kamati ndogo ilichaguliwa kutunza tangi: kusafisha mifereji, kufunga bomba vizuri, kufunika juu ili mbu wasizaliane. Sadallah aliporudi Chiungutwa, alimwachia Uwesu timazi yake moja ya kunyooshea ukuta. "Sasa wewe ni fundi wa matangi," alimwambia.

Baada ya Idi walikuja wageni kutoka kitongoji cha jirani. Nao walikuwa na shule ya bati. Walimkuta Uwesu anakarabati banda la kuku.

"Tunakuomba uje utujengee tangi," walisema. "Mawe tunayo. Tuanze hata kesho."

Uwesu alijifuta mikono. Aliwakaribisha mkekani, akaagiza chai. Kisha akageuka kuelekea ndani ya nyumba, akaita:

"Mama Faidha, njoo na chaki. Wageni wetu wanataka kuanza mwishoni."