Chupa Ndogo Katika Picha

Kila siku, akishatoka shule na kumaliza kuchota maji, Ernestine Kalenga alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna mtu aliyemtuma. Alikwenda kukaa mezani kwa Tata Tshimanga, yaani Mzee Tshimanga, jirani yao wa mtaa wa Dilala mjini Kolwezi, kumwangalia akichora.

Tata Tshimanga alikuwa mchoraji, na uchoraji ndio ulioilisha nyumba yake tangu ujana. Zamani kampuni ya migodi ilimpa kazi ya kuchora mabango ya usalama: huyu amevaa kofia ngumu, yule amesahau kuivaa. Alichora pia picha za katekisimu na za vitabu vya kusomea vya misheni. Kolwezi nzima ilijua mkono wake, hata waliokuwa hawajui jina lake. Halafu migodi ikaanguka, mitambo ikanyamaza, na kazi ikabaki ile ndogo ya parokia: karatasi za afya alizogawa Mama Elise, muuguzi wa zahanati. Karatasi nazo zilikuwa adimu, kwa hiyo alichora nyuma ya ramani kuukuu za mgodi.

Alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja. Picha ikiisha kwa penseli, kabla ya kuitia wino, aliibeba mpaka kwenye bomba la mtaa, akamtafuta mama asiyejua kusoma, akamwuliza, "Mama, unaona nini?" Kisha akanyamaza na kusubiri. Siku moja Ernestine alimfuata. Picha ilionyesha kisima safi, na mshale wa kuelekeza njia.

Mama mmoja akaikazia macho. "Naona mkuki. Hawa watu wanapigania maji?"

Akina mama wakacheka mpaka ndoo zikafurika. Tata Tshimanga alicheka kuliko wote. Akafuta mshale pale pale, akachora nyayo za miguu zinazokwenda kisimani.

"Tata, si ungemweleza tu?" Ernestine alimwuliza njiani.

"Nikimweleza huyu, nani atamweleza mama wa mtaa wa mbali, wa Musumba? Mimi siendi pamoja na picha, mwanangu. Picha inakwenda peke yake."

Ndipo ukaja mwaka wa kufukuzana. Wakubwa walisema kwenye mikutano kwamba watu wenye asili ya mkoa wa Kasai warudi kwao. Tata Tshimanga alizaliwa Kolwezi. Ni baba yake aliyeletwa na wakoloni kuchimba shaba. Alipoambiwa arudi kwao, aliuliza, "Kwetu wapi?" Vijana wenye fimbo walikuja mchana kweupe, jua likiwaka, na majirani wakafunga milango. Baba yake Ernestine naye akafunga. Mungu aliiona milango ile, mmoja mmoja.

Kabla ya kuondoka, Tata Tshimanga alimpa Ernestine kalamu yake ya wino juu ya ua, imefungwa kitambaa. "Itunze. Huko stesheni itaibiwa." Kisha akaenda na binti yake, Mama Mbombo, na mjukuu wake Kanku aliyekuwa bado ananyonya. Juma lile lile watu wengine wakahamia nyumbani kwake.

Kwenye stesheni watu walikaa chini ya maturubai na mabati, wakingojea gari moshi la kwenda Kasai. Gari halikuja. Mvua ilinyesha, vyoo vikajaa, na ugonjwa wa kuhara ukaanza kuchukua watoto.

Mama Elise akamwita Ernestine zahanatini. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nahitaji ile picha ya maji ya sukari na chumvi. Ya zamani imepotea kwenye vurugu, na akina mama kule stesheni wengi hawasomi. Wewe umekaa mezani kwake. Ichore, kisha umpelekee Tata Tshimanga aitazame. Akikubali, tutaichapa."

Ernestine alichora kwa moyo wote. Alimchora mama amepiga magoti, vijiko vya sukari vimepangwa mstari, chumvi kidogo pembeni. Ilipofika zamu ya chupa, akasita. Katika picha ya zamani Tata Tshimanga alichora chupa kubwa ya bia. Nyumbani kwao Ernestine pombe haikuingia, na baba yake aliimba kwaya. Chupa ya bia kwenye karatasi ya parokia! Aliona haya. Akachora chupa ya soda, ile ndogo yenye kiuno, nayo ikapendeza sana. Vijiko akaviacha vilevile.

Akashika njia ya stesheni. Kwenye kona, Stany wa darasa lao alikuwa amekaa na wenzake juu ya ukuta.

"Eh, Ernestine! Unakwenda wapi na hiyo karatasi? Kwa bilulu?" Bilulu, yaani wadudu, ndilo jina walilowapachika watu wa Kasai mwaka ule.

"Kapande gari pamoja nao, basi!" mwingine akadakia. "Sisi tutakupigia ngoma!"

"Muache. Baba yake akijua, yeye mwenyewe atalala stesheni leo."

Wakacheka. Ernestine akasimama, uso ukimwaka moto. Akageuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Alizunguka soko, kisha akarudi zahanatini kwa njia nyingine.

"Ameiona?" Mama Elise aliuliza.

"Ameiona, mama. Amesema ni nzuri."

"Basi hatuna cha kungoja." Mama Elise hakuitazama mara mbili. Jicho la Tata Tshimanga lilimtosha. Kabla ya jioni karatasi zilikuwa zimechapwa na kupelekwa.

Baada ya misa ya Jumapili, Ernestine alimkuta Mama Elise amekaa peke yake kwenye ngazi za kanisa.

"Sielewi," alisema. "Watoto wanayakataa maji. Wanaokunywa wanazidi kuishiwa nguvu. Kanku wa Mama Mbombo analia bila machozi. Nimeyaonja leo: chumvi tupu! Namwuliza Mama Mbombo, ananiambia, 'Nimefanya kama picha. Hata chupa ya soda nimeiazima, sikuwa nayo.'"

Ernestine akaiona akilini chupa yake nzuri yenye kiuno. Maji yalikuwa yamepungua zaidi ya nusu, chumvi ikabaki ile ile. Angeweza kunyamaza. Mama Elise angefikiri ni kosa la mzee anayeumwa na njaa, na mzee angekwenda nalo Kasai.

"Mama Elise," alisema. "Tata Tshimanga hakuiona. Nilidanganya. Ile chupa niliibadilisha mimi."

Mama Elise hakumpiga wala hakumkaripia. Alisimama, akakung'uta kitenge chake. "Kalete kalamu. Twende."

Walipita kwenye kona ya Stany. Vijana walipiga miluzi, lakini safari hii Ernestine hakusikia walisema nini.

Tata Tshimanga alikuwa ameegemea sanduku chini ya turubai. Homa ilikuwa imemkausha. Ernestine akapiga magoti, akasema yote: chupa, kona, uongo. Mama Mbombo alisikiliza huku Kanku amelala mapajani, macho yametumbukia ndani.

"Mi nilifanya kama picha," alisema taratibu. "Alipotapika, nikafikiri mi njo sijui kupima. Nikamlazimisha kunywa."

Ernestine angependa zaidi atukanwe.

Mama Elise tayari alikuwa anapima maji mapya kwenye chupa kubwa. Tata Tshimanga aliichukua kalamu, lakini vidole vyake vilitetemeka na wino ukadondoka. Akairudisha. "Chora wewe. Mimi nitatazama."

Ernestine akaweka karatasi juu ya sanduku, akachora. Mzee alimsimamisha mara kwa mara. Shingo ya chupa ni ndefu zaidi. Mkono huu umeshika hewa, haujashika kijiko. Picha ilipoisha, Ernestine alimpelekea mama aliyekuwa jirani na turubai lao.

"Mama, unaona nini?"

"Naona chupa ya bia. Ile kubwa. Lakini hakuna bia, anatia maji. Sukari hii hapa. Chumvi... ni kidogo sana."

Picha ikachapwa. Ernestine akazunguka stesheni yote pamoja na Mama Elise, turubai kwa turubai, akikusanya karatasi za zamani na kusema kwa mdomo wake kwamba zina kosa na kosa ni lake. Wengine walimwonea huruma. Wengine walimfukuza.

Asubuhi iliyofuata Kanku alilia, na machozi yakamtoka. Lakini upande wa ghala mtoto mmoja alikuwa amefariki kabla karatasi mpya hazijafika. Ernestine alimwuliza Mama Elise kama ni yale maji au ni ugonjwa wenyewe.

"Sijui," alijibu Mama Elise. "Sitakudanganya ili ulale vizuri. Tutamwombea."

Gari moshi likaja hatimaye, mabehewa ya mizigo yasiyo na paa. Watu walipanda juu ya mafurushi, mvua ikiwanyeshea. Ernestine akataka kumrudishia Tata Tshimanga kalamu yake. Alikataa.

"Sikiliza, mwanangu," alisema, ameshika ukingo wa behewa. "Anayejua kusoma anaweza kutupinga. Asiyejua anauamini mkono wetu, anampa mtoto wake tulichochora. Kwa hiyo usichore kitu kwa sababu kinakupamba wewe. Na ukikosea, sema upesi, kabla picha haijafika mbali. Ulisema. Ulichelewa, lakini ulisema. Endelea kuchora."

Gari likaondoka. Ernestine na Mama Elise hawakupata habari zake tena, wala za Mama Mbombo, wala za Kanku.

Dilala, watu waliohamia nyumbani kwa Tata Tshimanga walizitumia kuwashia moto zile ramani za mgodi zenye michoro. Ernestine aliokota moja iliyoungua pembeni. Nyuma yake, palipobaki weupe, akachora gari moshi, watu, mafurushi, mvua. Akaipeleka bombani kwa yule mama aliyeona mkuki.

"Mama, unaona nini?"

Mama akaitazama, akaweka ndoo chini. Siku ile hakuna aliyecheka.

"Naona gari limejaa watu, wanakwenda." Akapitisha kidole kando ya reli. "Na sisi? Sisi tuko wapi?"

Ernestine akarudi nyumbani, akafungua wino. Kando ya reli akawachora watu wa Kolwezi wamesimama, mikono imelala ubavuni. Mbele yao akachora msichana mmoja, na usoni akamtia sura yake mwenyewe.